Gari lililoshindwa na Riat: kisa cha ekzosi iliyoziba

Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, ukishaiacha Mamboleo nyuma barabara inaanza kukwea Riat, na mlima ule haumfichii mtu ubovu wa gari lake. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa akiupanda kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Alfajiri huchukua mbuta na ngege ufuoni Dunga, akapakia makreti na barafu kwenye steshenwagoni yake ya injini ya 1,500 cc, kisha akasambaza Kiboswa, Mbale na Chavakali. Siku alipoingia gereji yangu alikuwa amepitwa na matatu zote, akapitwa na malori, na mwishowe akapitwa na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya makaa. Alishuka, akaegemea mlango, akaniuliza: "Fundi, gari limechoka ama ni mimi nimechoka?"

Ninakiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu swali lile lilikuwa na jibu ambalo hata mimi sikulitarajia. Gari na mwenye gari walikuwa wanaugua ugonjwa mmoja.

Shida ilikuwa imedumu miezi minne. Kwenye tambarare gari lilikwenda, ingawa kwa uzito. Mlimani ukikanyaga mafuta sauti ya injini ilibadilika, mwendo ukabaki palepale, kilomita 30 kwa saa au chini yake. Petroli iliyokuwa ikimtosha siku tatu sasa haikumaliza mbili. Mafundi waliotangulia walikuwa wamebadilisha plagi, filta ya petroli na pampu iliyo ndani ya tangi, kisha wakamwaga mafuta ya giaboksi na kuweka mapya. Wa mwisho alimwambia injini imeisha, atafute nyingine. Hadi hapo Sh31,000 zilikuwa zimekwenda na gari liko vilevile. Kila kimojawapo cha vitu walivyobadilisha kinaweza kweli kulinyima gari nguvu, kwa hiyo siwezi kusema walikuwa wakifanya ujinga. Kinachoniumiza ni kwamba katika miezi yote hiyo hakuna aliyepima chochote. Walikisia, mama akalipia makisio.

Kabla ya kufungua boneti nilizunguka gari. Mambo matatu yalinisimamisha. La kwanza, zulia la upande wa abiria wa mbele lilikuwa na joto la kuunguza kiganja, na alikuwa ametoka tu Kondele. La pili, nyuma palikuwa na harufu ya mayai viza. Salfa kidogo iliyomo kwenye petroli hutoa harufu hiyo pale inapopita kwenye ekzosi isiyofanya kazi sawasawa. La tatu lilikuwa kamba. Mlango wa buti haukuwa umefungwa. Makreti yalikuwa marefu kuliko nafasi, basi mlango uliachwa wazi kama shubiri mbili na kufungwa kwa kamba ya katani kwenye bamba la chini.

Nilimwuliza kama huwa anaumwa na kichwa.

Alinitazama kama aliyeulizwa siri. Akasema ndiyo, kila siku akifika Mbale kichwa kinagonga, wakati mwingine na kichefuchefu. Alikwenda kliniki, wakampima kidole kwa kile kifaa chenye taa nyekundu wakaona hewa iko sawa, wakampa dawa za maumivu. Jioni hupungua. Jumapili haumwi kabisa. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuona kama lina uzito: kijana wake wa mizigo, anayekaa kiti cha nyuma karibu na makreti, amekuwa mvivu. Wakifika sokoni anamkuta amelala, akimwamsha anajikokota kama mlevi, na mama alikuwa amepanga kumwachisha kazi mwisho wa mwezi.

Hapo nilimwomba asiliendeshe tena gari lile, hata hadi nyumbani. Tulihamishia samaki kwenye tuktuk.

Sasa nieleze moshi unavyosafiri, maana bila hilo vipimo nilivyopata havitaeleweka.

Injini ya petroli inavuta hewa na mafuta, inavibana, inavichoma, halafu inatakiwa kutoa mabaki yote kabla ya kuvuta tena. Vali ya kutolea inapofunguka, gesi inatoka kwa kishindo ikiwa na joto la nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi, au zaidi kidogo kama mzigo ni mkubwa. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inatoa vishindo 100 kila sekunde. Manifoldi inavikusanya kutoka silinda zote nne na kuviingiza kwenye bomba moja. Baada yake kuna sensa ya oksijeni, kisha konveta (kopo la kusafisha moshi), kisha sensa ya pili, na mwisho yale makopo mawili ya kupunguza sauti kabla ya mdomo wa nyuma. Watu wengi wakisikia ekzosi huwaza makopo ya sauti tu. Sauti ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: ndani ya kopo kuna vyumba na mabomba yenye matundu, mawimbi ya sauti yanagongana na kufutana, basi.

Kazi nzito ni mbili. Ya kwanza ni kuiachia injini nafasi ya kupumua. Silinda ikibaki imejaa moshi wa zamani, hewa mpya haipati pa kuingia, na hapo unaweza kukanyaga mafuta hadi mguu uguse sakafu, pasitokee kitu. Ni kama mtu anayepanda mlima huku amefumbwa mdomo na kubakishiwa tundu moja la pua.

Ya pili ni ya konveta. Ndani yake kuna tofali la kauri lenye vijitundu maelfu, kama masega ya nyuki, na kuta zake zimepakwa madini ya platini, paladi na rodi, gramu chache tu kwa jumla. Yakishapata joto la kama nyuzi 250 hadi 300, madini hayo yanaigeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi ya kaboni, petroli ambayo haikuungua kuwa maji na dioksidi ya kaboni, na oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Monoksidi ya kaboni ndiyo ya kuogopa. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Muuguzi mmoja anayeniletea gari lake alinieleza kwamba kile kifaa cha kidole hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba monoksidi; vyote hukiambia kwamba mambo ni sawa. Ukikaa kwenye hewa safi, nusu ya sumu hiyo hutoka mwilini kwa saa nne au tano hivi. Ndiyo sababu kichwa cha mama kilipungua jioni na kutulia Jumapili. Ugonjwa wa kawaida, kama malaria, haufuati ratiba ya soko.

Nikaingia kazini. Nilifunga geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kuvuta hewa, kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Vitabu vingi vinasema injini nzima huonyesha inchi 18 hadi 22 za zebaki ikiwa inanguruma palepale, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu, na unatakiwa kutoa inchi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo hapa kwetu 14 hadi 18 ni afya. (Nakuru, iliyo kwenye mita 1,850, inashuka zaidi, nimeona injini nzuri ikifunguliwa kule kwa sababu fundi alifuata namba za pwani.) Gari hili lilionyesha 16. Vizuri kabisa. Kisha nikashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Sindano ikapanda, ikatulia, halafu ikaanza kuteremka polepole, 14, 12, 10, hadi 9 ndani ya nusu dakika. Injini haikuwa imekosa petroli wala haikuwa imeisha. Ilikuwa inajaa moshi wake yenyewe.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi na ninashangaa kinafanywa na wachache hivi. Unafungua sensa ya mbele ya oksijeni kwa spana ya 22, kwenye tundu lake unafunga geji ya presha. Ekzosi iliyo wazi haizidi psi (pauni kwa inchi ya mraba) moja na nusu injini ikinguruma bila kukanyagwa, na psi tatu kwenye mizunguko 2,500. Mimi nilipata psi tatu bila kukanyaga. Kwenye 2,500 sindano ilikwenda tisa, na nikamwita mama aje aone kwa macho yake, kwa sababu alikuwa ameambiwa mengi na kuonyeshwa machache.

Nilipozima injini niliona jambo jingine. Ile gasketi ya duara kati ya manifoldi na bomba la mbele ilikuwa imepasuka, na chuma kilichoizunguka kimepigwa masizi meusi. Presha ilikuwa imetafuta njia ya kutokea ikaipata hapo, upande wa ukuta unaotenganisha injini na viti, jirani na mahali feni ya ndani inapovutia hewa. Kwa hiyo moshi uliingia kwa mbele kupitia gasketi, tena ukaingia kwa nyuma kupitia buti. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa nyuma yake huwa na presha ndogo, kama mkia wa maji nyuma ya mtumbwi, na moshi wa bomba huzunguka humo. Ukiacha buti wazi huku madirisha yamefungwa, chumba cha gari kinauvuta moshi ndani. Kijana wa mizigo alikuwa amekaa pale pale moshi ulipoingilia.

Kufungua konveta kulichukua saa mbili, zaidi ya nusu yake ikiwa ni kupigana na nati zenye kutu. Nilipomulika tochi mdomoni mwake, upande wa kuingilia haukuwa tena na vijitundu. Theluthi mbili ya uso ulikuwa umeyeyuka ukawa kama sukari nguru iliyomwagwa motoni, unang'aa kwa kijivu, na kipande kilichokatika kilikuwa kimelala kiubavu ndani ya kopo na kuziba sehemu ya kilichobaki. Kauri ile haiyeyuki kwa moto wa kawaida wa ekzosi. Inataka nyuzi kama 1,400. Lazima kuna kitu kiliiletea mafuta ya kuchoma humo humo ndani.

Ndiyo maana sikukubali kuagiza konveta nyingine siku ile, ingawa mama alitaka tumalize. Konveta iliyoyeyuka ina aliyeiyeyusha, na ukimwachia mkosaji ndani ya gari atayeyusha na ya pili.

Kompyuta ya gari ilikuwa imehifadhi alama mbili: P0420, inayolalamikia konveta, na P0302, inayosema silinda ya pili inakosa moto. Nilinyunyiza maji kidogo kwenye koili zote, zile zinazozipa plagi umeme, gizani jioni, na ya silinda ya pili ikaonyesha cheche ya buluu ikitorokea pembeni kupitia ufa mwembamba kama unywele. Mama akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia taa ya injini ilikuwa ikiwakawaka kwenye dashibodi, na dereva aliyekuwa naye wakati huo akaibandika selotepu nyeusi ili isimsumbue. Taa hiyo ikiwaka mfululizo inakwambia utafute fundi karibuni. Ikiwa inawaka na kuzima ina maana kwamba petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na konveta inaharibika wakati huo huo unapoitazama. Ondoa mguu kwenye mafuta.

Na kuna uchungu wa ziada katika mlolongo huu ambao huwa napenda wenye magari waujue. Silinda isiyopata cheche inatema petroli pamoja na hewa yote ambayo haikutumika. Sensa ya mbele inaiona ile oksijeni, inadhani injini nzima ina upungufu wa mafuta, na kompyuta kwa nia njema inaongeza petroli kwenye silinda zote. Sasa zile tatu nzima zinachoma petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, zinatoa monoksidi nyingi, konveta inapata mafuta zaidi ya kuchoma, inazidi kuungua, na tangi linaisha. Plagi mpya alizofungiwa zilikuwa nzuri. Zilikuwa zinasubiri umeme kutoka koili iliyopasuka.

Jirani yangu wa kuchomelea vyuma alipoona konveta iko chini alitoa ushauri ambao kila mwenye gari mjini Kisumu amewahi kuusikia: ichimbuliwe tu, tupige nondo, tumwage masega, tulifunge kopo tupu. Nusu saa, Sh1,000. Mama alinigeukia. Ni mama anayehesabu kila shilingi na nilijua anachotaka nimwambie.

Nilimwambia kweli yote. Ni kweli gari lingepanda Riat jioni ile ile. Injini isingekufa. Lakini moshi wote ambao masega yangeugeuza ungetoka mbichi, nyuma ya gari ambalo wewe na huyu kijana mnakaa ndani yake saa tatu kwa siku, na mbele ya wauza nyanya wa Kondele waliokaa kimo cha bomba lako. Sensa ya pili ingelalamika daima, taa ingewaka daima, na siku koili nyingine ikipasuka usingejua. Kanuni za ubora wa hewa pia zinakataza magari kutoa moshi uliopita kiwango, ingawa sikutaka kumtisha kwa sheria. Nilitaka aamue kwa kuelewa.

Nadhani desturi hii ya kuchimbua ilikuwa na maana wakati fulani. Petroli yenye risasi iliuzwa Kenya hadi mwisho wa 2005, na risasi huyapaka madini ya konveta na kuyaua. Mafundi waliofundishwa enzi hizo waliyatoa masega kwa sababu yalikuwa yamekufa tayari, wakatufundisha sisi, na sisi tunawafundisha wengine, miaka mingi baada ya petroli hiyo kuondoka.

Mama alikaa kimya kidogo, akauliza bei ya iliyotumika kutoka Japani. Tuliipata mtaa wa spea kwa Sh17,000, nikaichagua mwenyewe: nilimulika tochi upande mmoja nikaona mwanga safi upande wa pili, nikaitikisa karibu na sikio isilie. Koili ilikuwa Sh3,500. Gasketi ya duara, boliti mpya zenye springi, mauntingi (kishikizo) moja ya injini iliyokuwa imelegea na kulivuta bomba kila anapobadilisha gia, na kazi yangu. Jumla ikafika Sh27,000. Ni chini ya alizokwisha kutumia kwa kubahatisha. Alilipa kwa awamu mbili.

Kabla ya kulirudisha nilipima tena. Nusu psi bila kukanyaga, psi mbili kwenye 2,500. Vakyumu ilipanda ikakaa 17 bila kutikisika. Tulitoka Mamboleo watu watatu na makreti yamejaa maji badala ya samaki, na Riat tuliipanda kwa kilomita 70 kwa saa, nikamwomba apunguze kwa sababu ya trela iliyokuwa mbele.

Suala la buti lilitaka mazungumzo marefu kuliko la injini. Ekzosi nzima hupunguza sumu, haiiondoi yote, na konveta ya baridi asubuhi bado haijaanza kazi. Tulipima nafasi kwa kipimo cha mkono na kukubaliana atumie makreti mafupi, manne badala ya matatu, mlango ufungwe hadi ulie. Siku akilazimika kubeba kitu kirefu, madirisha ya mbele yawe wazi yote na feni iwe kwenye kasi ya juu ikivuta hewa ya nje, na kijana akae mbele.

Alirudi baada ya majuma matano, kama tulivyopatana, nikaze boliti za springi ambazo hulegea zikishapata joto na baridi mara kadhaa. Kichwa hakijauma tangu siku ile. Nilimshauri arudi hospitali akaeleze habari ya moshi waziwazi na kijana apimwe damu naye. Yeye alikwenda, kijana aliona hana haja tena. Hakuachishwa kazi. Alikuwa ameinama kando yangu muda wote nikifungua sensa, akaniomba ashike geji, na akasoma namba kabla yangu.

Kilichobaki ni kopo la mwisho la sauti. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na safari fupi za kusimama soko hadi soko hazilipatii kopo la nyuma joto la kutosha kuyakausha. Limeanza kuliwa na kutu kwenye mshono wa chini, mbali na lile tundu dogo la kutolea maji ambalo watu hulidhania ni uharibifu na kulichomelea. Bado halijatoboka. Nimeandika kwenye risiti yake libadilishwe kabla ya mvua za masika.